Chini ya Meza ya Fundi

Kicheko kilipotokea ng'ambo ya korido, Msusi alizivuta nywele za mteja kwa nguvu hata yule mama akainuka kidogo kitini.

"Pole," alisema.

"Kichwa hiki nimekuja nacho kizima, nataka kurudi nacho kizima," mteja akamjibu, lakini naye alikuwa keshageuza shingo kuangalia kule. "Huyo mtoto wako, jamani. Hebu mtazame."

Msusi hakuhitaji kuambiwa. Kioo chake kikubwa kilitazama mlangoni, na mlango wake ulitazamana na mlango wa fundi cherehani, kwa hiyo kila siku alikuwa akisuka kichwa kimoja huku akichunga kingine. Ndani ya kioo alimwona bintiye wa miaka mitatu, waliyempa jina la Chiriku kwa kuwa tangu alipojua kuufungua mdomo hakuwahi kuufunga. Mtoto alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kukatia vitambaa, futi ya fundi ikimning'inia shingoni. Mwanga wa jua ulikuwa umeingia na kulala sakafuni kama kitambaa cheupe, naye alikuwa anaupima. Alinyoosha futi toka ncha hii hadi ile, akaibana kwa goti, akatangaza, "Kumi na saba na nane." Alipohamia upande wa pili, mwanga ulikuwa umesogea. Akautazama, mdomo wazi. Akapima tena. Ukasogea tena. Badala ya kukasirika akaangua kicheko, kama mtu aliyetaniwa na rafiki yake wa siku nyingi.

"Bibi Cherehani," akaita, "jua halikai."

"Halikai vipi?" fundi akauliza bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Linakimbia."

"Liambie lisimame wima, tulipime upya. Mteja gani anapimwa huku anatembea?"

Watu waliokaa kwenye benchi la fundi wakacheka. Mteja wa Msusi naye akacheka, mabega yakimtikisika, na msuko ukapotea njia. Msusi peke yake hakucheka. Aliona, ndiyo, aliona jinsi mtoto alivyojilaza kifudifudi na kuuwekea mwanga shavu lake ili ausikie kama una joto, na kile alichokiona kilikuwa na utamu wake. Lakini utamu ule ulimfika umepitia duka la mtu mwingine, na hapo ndipo ulipogeuka uchungu.

Maana nyumbani Chiriku hakuwa huyu. Nyumbani alikuwa mtoto wa kuogeshwa, kulishwa na kulazwa, mwenye usingizi na vurugu. Homa zake alizibeba mama, kukataa chakula kwake alikuvumilia mama. Vicheko vyake vilikuwa mali ya fundi. Kule salun, kwenye maji ya moto na nyaya za umeme, neno alilolisikia mtoto kuliko yote lilikuwa "usiguse". Mwezi uliopita Msusi alijinyima akamnunulia mwanasesere wa kufumba na kufumbua macho. Chiriku alimshukuru kwa adabu, akampima kifua, akampeleka kwa Bibi Cherehani akashonewe gauni, na huko akamsahau.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kufungua salun, Msusi alimsuka mtoto misuko midogo, na kila msuko akauvika kipete cha dhahabu ya bandia, vile anavyowavika maharusi. Mumewe, aliyekuwa akipaka rangi majumba ya watu, alisimama mlangoni na ndoo yake akauliza sherehe ni ya nani.

"Kwani mpaka kuwe na sherehe?" alimjibu. "Watu waone ana mwenyewe."

Mumewe aliinua nyusi, akaondoka zake.

* * *

Haukupita muda mrefu tangu kile kicheko cha jua. Chiriku alivuka korido kwa miguu yake, akaja kusimama mbele ya mama yake, mkono kooni, mate yakimchuruzika kidevuni. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu ndani ya mwili wake.

"Una nini?"

"Nimemeza."

"Umemeza nini?"

"Kinachong'aa."

Kitana kilimtoka Msusi mkononi. Alimwinamisha mtoto, akampiga mgongoni, akatia kidole mdomoni asipate kitu ila mate. Fundi alikuwa ameshafika, miwani imemteremkia puani, mkono umenyooka kumshika mtoto mgongo.

"Mlete nimtazame, mwanangu, mlete..."

"Usimguse," Msusi alisema. Alimnyakua mtoto akasimama naye katikati ya korido, pale ambapo kila duka lilimwona. "Nimesema siku zote, mimi. Vifungo umevimwaga sakafuni, pini umezimwaga, na mtoto wa mwenzio umemgeuza kichekesho cha wateja wako. Umemlisha mwanangu kifungo."

"Vifungo vyangu viko kwenye makopo. Leo sijafungua hata..."

"Wako huna," Msusi alisema, na sauti yake wala haikuwa kubwa. "Wako huna, ndiyo maana wangu unataka kunimalizia."

Fundi aliurudisha mkono wake. Aliutazama, kama vile hajui ulikuwa umekwenda wapi. Redio zote za korido ile, na mtengeneza simu na bisibisi yake, vilinyamaza kwa wakati mmoja. Kisha mtu akasema, "Ita gari, jamani, mtoto asije akatupotea hapa," na watu wakaanza kukimbia huku na huku.

* * *

Hospitali ilikuwa imejaa. Msusi alikaa na mtoto mapajani, akiomba kimoyomoyo, na kila Chiriku alipokohoa alimfungua mdomo akachungulia. Hofu ilimshika barabara, hilo halikuwa na shaka. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kimetulia, kimekunja miguu, kinaridhika. Basi ndiyo imekwisha, kile kitu kilimwambia. Hatakwenda tena kule, na hakuna wa kukulaumu. Alikisikia, akaona haya, lakini hakukifukuza.

Picha ya eksirei ilipotoka, daktari, binti mdogo mwenye usingizi machoni, aliitundika kwenye taa.

"Ondoa wasiwasi, mama. Kimeshashuka tumboni. Hakina ncha kali, kitatoka chenyewe. Mpe chakula na maji, mwangalie chooni. Akitapika au akiumwa tumbo, umrudishe haraka."

"Hicho kifungo ni kikubwa?"

"Hiki si kifungo. Kifungo kingekuwa na matundu. Tazama, ni pete ndogo, hapa imeachana." Daktari akamgeukia Chiriku, akaupitisha mkono juu ya misuko yake taratibu, mmoja baada ya mwingine, hadi alipoufikia uliofumuka kwenye ncha. "Ni hivi vipete. Kimoja hakipo. Wadogo hawa wanavivuta na kuvitia mdomoni. Vitoe vyote leo."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alivitoa palepale kwenye kitanda cha daktari, akavifunga kwenye leso.

Mumewe aliwakuta getini, mikono myeupe kwa chokaa, kapauka uso.

"Wanasema ni kifungo cha fundi."

"Ni kitu cha chuma," alijibu. "Kitatoka."

Hakusema uongo. Alijiambia hivyo njia nzima.

* * *

Kesho yake watu wa korido walikuja kumpa pole. Wenye watoto walikuja na watoto wao, wamewashika mikono, na walipopita mlangoni kwa fundi waliwavuta upande wa pili. "Afadhali umejua mapema," walisema. "Mtu asiye na uchungu wa mtoto, utamwachiaje mtoto?" Msusi alisikiliza akisuka. Angeweza kusema wakati wowote. Kila aliponyamaza, neno lilizidi kuwa zito, na lilivyozidi uzito ndivyo alivyozidi kuona si leo, labda kesho.

Msimamizi wa jengo alikwenda kwa fundi akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema watu wamelalamika. Alisema makopo ya vifungo yasionekane, na meza ya kukatia isogezwe ndani mtu asikae chini yake. Fundi alisema, "Sawa, baba," ingawa yule kijana angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Akaisukuma meza peke yake, hakuna aliyeinuka kumsaidia, miguu ya meza ikipiga kelele sakafuni.

Na Chiriku sasa alikuwa wa mama yake peke yake. Alikaa kwenye kiti alichowekewa. Alipoambiwa usiguse, hakugusa. Wateja walimsifu kwa utulivu, "Huyu ndiye yule wa makelele?" na Msusi alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini siku zilivyokwenda alianza kumtafuta kwenye kioo, na kila alipomtafuta alimkuta palepale, mikono mapajani, anatazama miguu ya watu ikipita.

Siku moja ikambidi afunge salun mapema, akanunua futi mpya ya manjano, akaketi naye sakafuni.

"Haya, mama. Tupime."

Chiriku aliichukua, akaigeuza. "Tupime nini?"

"Chochote. Kiti. Tupime kiti."

"Kiti kinataka nini?"

Msusi alifikiri. "Kinataka... kupimwa."

Mtoto alimtazama kwa huruma. "Sivyo hivyo," alisema. "Kwanza kinakuja. Kinasema hodi. Halafu kinasema kinakwenda wapi. Wewe hujui." Akaikunja futi vizuri, kwa kuizungusha kwenye vidole viwili, vile fundi anavyokunja yake, akamrudishia.

Katika maisha yake Msusi alikuwa ameachwa na mchumba, amenyang'anywa chumba cha biashara, na ametukanwa na bibi harusi mbele ya ndugu zake wote. Hakuna lililomwingia kama vile vidole viwili vidogo.

* * *

Kipete kilitoka Jumapili, na aliyekiona alikuwa mumewe. Alimsubiri Chiriku amalize, akaenda na poti yake ya kujisaidia nyuma ya nyumba, akarudi akipiga mluzi. Alikiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakiosha tena. Kisha akakiweka mezani mbele ya mkewe, juu ya kipande cha karatasi, akakaa.

"Hiki ni cha duka gani?"

Msusi alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Nakuuliza kwa wema, mama."

"Umekiona mwenyewe."

"Ulijua lini?"

"Hospitalini."

Mumewe alijikuna kwenye kiwiko mahali rangi ilipogandia. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema, "Juzi nimepita pale korido. Yule mama hana kazi mkononi. Amekaa anatazama ukuta. Watu wanaruka mlango wake kama kuna ugonjwa. Na wewe unasuka, unatazama."

"Wewe ulikuwa wapi mwanao akinijia kwa mate yanachuruzika? Unajua nilivyojisikia?"

"Sijui. Niambie."

Alitaka kumwambia habari za hofu, lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine. "Kwake anacheka," alisema. "Anacheka hadi anashika tumbo. Mimi ananikunjia futi." Akaacha mchele, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la makapi. "Nimemzaa mimi. Kwa nini asinichekee mimi?"

Mumewe alikisogeza kipete kwa ncha ya kidole. "Hata mimi hanichekei hivyo," alisema. "Nilidhani wewe anakuchekea."

* * *

Asubuhi Msusi alichukua sketi isiyo na kasoro yoyote, akaukata uzi wa pindo kwa wembe, akamwacha mteja kitini, akaenda nayo kwa fundi.

"Shikamoo."

Fundi alikunja futi yake kwanza. "Marahaba. Weka hapo."

Duka lilikuwa safi hadi linatisha. Hakukuwa na kipande cha kitambaa chini wala ncha ya uzi. Rafu ya makopo ilikuwa tupu. Fundi aliivuta sketi, akatazama pindo lililokatwa sawasawa kwa wembe, akamtazama mwenye sketi. Akatunga uzi.

"Mtoto hajambo?" aliuliza akiwa ameinama.

"Hajambo."

"Kilitoka?"

"Kilitoka."

"Alhamdulillahi." Cherehani ikaanza kwenda, polepole. "Siku ile nilibaki humu hadi jengo linafungwa. Nilipiga magoti nikapapasa sakafu yote kwa viganja. Nilisema lazima nipajue kilipotoka. Kama kilianguka wakati nafunga kazi ya mteja mmoja, au kilikuwa kwenye takataka, au nilikikanyaga na kiatu nikakileta. Sijapajua mpaka leo. Nikilala nakiona kifungo kinabingirika kinamfuata yule mtoto, na mimi siinuki."

Msusi alishika ukingo wa meza. "Hakikuwa kifungo," alisema.

Cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Kilikuwa kipete. Cha nywele zake. Nilimvika mimi asubuhi ile."

"Ulijua lini?"

"Daktari alinionyesha. Siku ileile."

Fundi alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yamechoka, na Msusi akagundua hajawahi kuyatazama. "Siku ileile," fundi alirudia. "Na lile neno jingine? La kwamba wangu sina?"

Msusi aliikazia macho ile rafu tupu.

"Nilikuwa nao wawili," fundi alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu hapa, kwa sababu mtu wa hapa akijua, kila akija kupunguza suruali ataniletea uso wa msiba. Sikusimulii ili unionee huruma. Nakusimulia ujue ulichokisema ulikisema kwa nani." Akavaa miwani. "Ulisimama pale nje, watu wote wakasikia. Nenda ukasimame palepale."

"Mama, nimekuja kukuomba radhi wewe."

"Nimesikia. Na wao?"

Kwa hiyo alitoka. Alisimama katikati ya korido, mikono haijui pa kukaa. Mtengeneza simu alikuwa ameinamia kazi yake. Mteja wake wa saa hiyo alikuwa mlangoni pa salun, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Wanawake wawili wa duka la viatu walikuwa wanapiga soga.

"Jamani," alisema. "Kile alichomeza mwanangu..."

"Sauti," mtengeneza simu akasema bila kuinua kichwa. "Huku nyuma hatusikii."

Alirudia kwa sauti. Alisema kilikuwa kipete chake mwenyewe, alijua tangu siku ile, alinyamaza. Alisema fundi hana kosa na yale maneno aliyomwambia hayakuwa maneno ya kumwambia mtu. Alitegemea sakafu impasukie. Mwanamke mmoja wa viatu alisema, "Makubwa," akamtazama mwenzake. Mteja akauliza kama atamaliziwa kichwa leo au akatafute kwingine. Mtengeneza simu alikuwa ameiacha bisibisi yake, alitazama kwenye duka la fundi, akainuka, akaingia kule, na kusikika akisema, "Mama, hii meza nikusaidie kuirudisha mlangoni?"

Watu wengine hawakugeuka kabisa, na hilo nalo lilimuuma kwa namna yake.

* * *

Hakuna aliyemwita Chiriku. Meza iliporudi mahali pake, alishuka kitini mwenyewe, akavuka korido, akainama, akaingia.

Msusi alibaki mlangoni. Fundi alisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa. Mwangalie mwenyewe. Mimi sitaki kuambiwa kitu tena."

Hakikuwa kigoda cha urafiki. Alikikalia hivyohivyo, magoti yakikaribia kidevu, na hapo akawa kimo kimoja na mwanawe. Kwa karibu aliyaona mambo ambayo kioo hakikuwahi kumwonyesha. Aliona mtoto anavyotoa ncha ya ulimi anapofikiri, na anavyoongea pumzi ikiingia badala ya kutoka, asipoteze nafasi. Fundi alimdondoshea vigurudumu vya uzi vilivyobaki vitupu na vipande vya kitambaa, akarudi kazini, lakini mguu wake haukukanyaga. Naye alikuwa anatazama. Msusi alimwona anavyotazama, ile njaa, akaitambua, kwa sababu ilikuwa sawasawa na yake. Wivu ukamchoma upya, na safari hii hakujua amwonee nani.

Chiriku alisimamisha vigurudumu viwili. Kimoja alikifunga kitambaa chekundu, cha pili cha buluu.

"Umemlisha mwanangu," kigurudumu chekundu kilisema, kwa sauti ya Msusi, hata ule mkwaruzo wa mwisho. "Wako huna."

"Sijafungua," cha buluu kikajibu. "Sijafungua, sijafungua."

Msusi aliinuka nusu. Fundi alimshika kwenye kiwiko, akamkalisha, asimwangalie.

Vigurudumu viligombana muda. Vilipigana vichwa, kila kimoja kikaanguka, kikainuka. Kisha mtoto akavilaza vyote viwili ubavu kwa ubavu, akatafuta kipande kirefu cha kitambaa, akakipima, akavifunika pamoja hadi shingoni. Akavigongagonga mgongoni kwa kiganja.

"Laleni," alisema. "Mmechoka."

Msusi na fundi hawakutazamana. Ng'ambo ya korido mteja aliita kwamba kichwa chake kinapoa. Fundi alijikohoza, akainamisha kichwa chini ya meza.

"Na mtoto wao, je?" aliuliza. "Simwoni."

Chiriku alikuwa ameshawapa kisogo. Alikuwa amelala kifudifudi akichungulia ufa wa sakafu, ambamo kitu fulani, pengine sisimizi, kilikuwa kinapita.

"Hayupo," alijibu. "Amekwenda kucheza."